Mgongo wa Beki wa Kati

Sindano ya kwanza nilichomwa nikiwa nimesimama, mikono miwili ukutani, katika chumba cha kubadilishia nguo cha uwanja wetu wa Kamina. Kocha Kayembe alikuwa amenipandishia jezi mpaka mabegani. Aliyenichoma alikuwa na duka la dawa karibu na stesheni. Rais wa klabu alimwita yeye kwa sababu hakuwa mtu wa maswali mengi. "Hii itakufikisha mpaka filimbi ya mwisho," alisema mwenye duka. Ilinifikisha. Tulishinda, wakanibeba mabegani, na jioni ile sikuweza kuinama kuvua viatu vyangu.

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye mgongo unamuuma sasa, na watu wanaomzunguka wanamwambia ni uchovu. Mimi si daktari na sitaeleza ugonjwa huu unafanya nini ndani ya mifupa. Nitaeleza benchi la hospitali, plasta, harufu yangu mwenyewe, na watu. Hayo ndiyo ninayoyajua.

Naitwa Banza. Nilizaliwa katika nyumba za watu wa reli, baba yangu akiwa fundi wa breki za mabehewa mpaka alipostaafu. Nilikuwa beki wa kati na kapiteni wa Nyuki, timu ya mji wetu iliyokuwa inacheza daraja la pili. Anayejua mpira kwa televisheni tu hajui daraja la pili ni mahali gani. Sisi tulikuwa wachezaji wa kulipwa kwa sababu tuliweka sahihi kwenye karatasi. Mechi za ugenini zilitupeleka Likasi, Kolwezi, Lubumbashi, kwa treni ikiwa treni ipo, kwa lori ikiwa haipo. Tulilala wawili wawili kwenye godoro moja, sakafuni mwa madarasa ya shule, na wenyeji walikuja kupiga madebe dirishani ili tusipate usingizi. Mwenzangu wa godoro alikuwa Kasongo, beki aliyecheza ubavuni mwangu. Nilijua anavyokoroma kuliko nilivyojua sala za kanisani.

Timu inayomaliza ya kwanza hupanda ligi kuu. Hilo tu ndilo lililotufanya tuvumilie madebe na malori. Ukipanda, timu kubwa zinakuja kwako na watu wenye kuchagua wachezaji wanakaa jukwaani. Usipopanda unazeeka palepale, na siku moja unaendesha pikipiki ya abiria, na wanaopanda nyuma yako wanakuambia kwamba zamani walikuwa wanakushangilia.

Mwaka huo tulikuwa tunapanda. Kila mtu aliona. Na mwaka huo ndio mgongo wangu ulianza.

Mwanzoni lilikuwa jambo dogo, chini kidogo ya mabega, kama vile mtu ameacha ngumi yake pale. Jioni nilipata homa ya kupita. Asubuhi shuka nililolalia lilikuwa limelowa. Kaptula ya timu ikaanza kunitoka kiunoni, nikaifunga kwa kamba ya kiatu. Mke wangu Mwadi ndiye aliyeona kwanza. Siku moja kijiko kilianguka, nami nikachuchumaa polepole, mgongo wima, mkono mmoja nimeshika paja.

"Unaokota kijiko sawa mwanamuke ya mimba," alisema.

"Ni mazoezi."

"Iko nini mu mukongo yako, Banza?"

Nilikwenda kwa kocha. Kayembe alinisikiliza huku anahesabu koni za mazoezi. "Ni kuchoka tu," alisema. "Bote banachoka. Kapiteni haina haki ya kugonjwa wakati huu." Basi sindano zikawa kila mechi, kisha kila mazoezi ya mwisho kabla ya mechi. Katikati ya majira ya mvua Prezida, ndivyo tulivyomwita rais wa klabu, alileta mganga. Mganga alisema wapinzani wameniwekea kitu, akanichanja mgongoni kwa wembe na kupaka majivu. Wenzangu walisimama wakitazama. Nilimwona Kasongo anageuza uso pale damu ilipoanza kushuka, na nilimpenda kwa hilo.

Tulikwenda Likasi kucheza mechi ambayo tukishinda tulikuwa karibu tumepanda. Kipindi cha pili mpira mrefu ukaja, mpira wa kawaida, wa aina niliyoipiga kichwa maisha yangu yote. Niliruka. Nilipotua miguu haikuwepo. Sijui namna nyingine ya kusema. Niliitazama imekunjwa chini yangu kama ya mtu mwingine, na mshambuliaji wao akapita ubavuni mwangu bila haraka na kufunga.

Kasongo alinishika kwapani. "Simama, Banza. Bantu banaangalia."

"Siisikie miguu."

"Simama tu."

Walinitoa kwa kuniburuta. Mashabiki wetu wachache waliotoka Kamina walinirushia vifuko vya maji, na kimoja kilinipasukia usoni. Baada ya mechi nilikuwa nimelala kwenye saruji ya chumba cha kubadilishia nguo, na Prezida akaingia na suti yake, akanisimamia juu.

"Uyu ameuzisha match," alisema.

Kocha alikuwepo, na sindano zake alizijua. Hakusema kitu. Kasongo alikuwa anafungua viatu na hakuinua kichwa. Ningeweza kusahau mengi ya mwaka ule, lakini ukimya wa chumba kile bado ninao.

Tulirudi kwa treni. Waliniweka kwenye behewa la mizigo juu ya magunia ya mahindi, wao wakakaa behewa la abiria. Kati ya Tenke na Bukama mkojo ulinitoka bila mimi kujua. Nilijua tu magunia yalipoanza kunuka. Mwanamke mwenye magunia alinitukana kwanza, kisha akanitazama vizuri, akatoa kitenge chake cha zamani na kunifunika. Sikupata jina lake. Katika safari nzima hakuna mwingine aliyenigusa.

Kwenye stesheni ya Kamina baba alikuwa ananingoja na toroli la kubebea mizigo. Aliniweka humo, mwanamume mzima, kapiteni wa mji, akanisukuma mpaka nyumbani katikati ya pikipiki na baiskeli. Watu walikuwa wamekwisha kusikia kwamba nimeuza mechi. Kuna waliocheka. Baba aliendelea kusukuma, akihema.

Hospitali niliijua kwa benchi lake. Lilikuwa refu, la mbao, limelainishwa na makalio ya watu, na mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, kwa hiyo kila anayekaa au kuinuka aliwatikisa wote. Kwangu kila mtikiso ulikuwa kisu. Mwadi alijifunza kunibana kwa ubavu wake ili nisitikisike. Nakwambia wewe unayekwenda kesho: nenda na kitu cha kukalia, nenda na maji yako, na usiseme "ninaumwa mgongo" halafu ukanyamaza. Sema na homa. Sema na jasho, sema na kukonda. Mimi nilisema mgongo tu, nikapewa vidonge vya maumivu na kurudishwa nyumbani. Tuliporudi tena tulingoja kupigwa picha ya mifupa, lakini umeme haukuwepo; siku iliyofuata umeme ulikuwepo na mpiga picha hakuwepo. Mwadi alikuwa anambeba mtoto wetu Numbi mgongoni na mimi begani. Wanawake wenye watoto wa homa walitusogelea mwanzoni kwa huruma. Nilipoanza kukohoa, walisogea upande wa pili, na benchi likapanda juu upande wangu.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye uso wa kuchoka. Aliinua picha dirishani na kuitazama muda mrefu. Kisha akanionyesha mahali ambapo mifupa miwili ilikuwa imeliwa na kuegemeana.

"Hii ni tebe," alisema. "Kifua kikuu, lakini imeingia mu mukongo. Miezi hii yote ulikuwa wapi?"

"Uwanjani."

Alinitazama kuona kama namfanyia mzaha. "Umeruka na mifupa hii?"

"Walinichoma sindano."

Aliweka picha mezani. Alisema kwamba dawa zipo, kwamba zinaponya, kwamba zitachukua muda mrefu kuliko nitakavyopenda, na kwamba miguu inaweza kurudi. Nikauliza mpira. Alisema, "Mpira hapana," kwa sauti ileile aliyosemea dawa, na akamwita mgonjwa mwingine.

Plasta walinifunga nikiwa nimening'inia kwa mikono kwenye chuma, vidole vya miguu vikigusa sakafu kidogo tu, ili mgongo unyooke. Walizungusha bendeji zilizolowa chokaa kutoka makwapani mpaka nyongani. Kwanza ilikuwa ya moto, kisha baridi, kisha ngumu. Walinishusha, nikawa gogo. Tangu siku hiyo sikuweza kujifunga, kujikuna, kujitawaza. Nilikuwa nalishwa bukari, ugali wetu, kwa matonge kama mtoto anayeachishwa ziwa.

Dawa nilimeza kila asubuhi mbele ya muuguzi. Usishtuke mkojo ukitoka mwekundu. Mimi nilipiga kelele nikadhani ninakufa, na wodi nzima ikanicheka. Utatapika pia. Utapata hasira na kidonge chenyewe, utakitazama mkononi kama adui. Meza.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwa askari wa makamo kutoka mkoa wa Equateur, aliyehamishiwa Base, kambi ya jeshi ya Kamina, na kusahauliwa huko akiwa na ugonjwa wa kifua. Wote walimwita Ajida, kwa cheo chake. Kiswahili chake kilikuwa kibovu na alipenda mpira kuliko chakula. Alikuwa amenitazama nikicheza. Joto lilipozidi na plasta ikaanza kuniwasha mpaka nalia, Ajida aling'oa waya mmoja wa gurudumu la baiskeli iliyoegemezwa nje, akaunyoosha, akaufunga kitambaa kwenye ncha, na kunikuna ndani ya plasta. Alikuwa anakuna huku anauliza, akiniita ndeko, yaani ndugu kwa Kilingala. "Ile match ya Kolwezi, ndeko, ile penalti, ilikuwa ya kweli?" Nilimwambia haikuwa ya kweli. Alifurahi sana. Sijawahi kupata raha duniani kama ya waya ule.

Baada ya wiki kadhaa walinirudisha nyumbani na plasta yangu, niwe nafuata dawa kwa toroli la baba. Ndipo mama mkwe alipokuja kutoka Base. Alikuwa mke wa askari, mtu wa Kisangani, anauza maharage na sabuni katika kambi. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni na kitambaa puani.

"Nimekuya kukamata mutoto," alisema.

Mwadi alisema, "Mama, docta amesema akimeza dawa haitamuambukiza."

"Docta iko na batoto ngapi mu nyumba hii?" Kisha akanitazama mimi, si kwa chuki. "Mukwe, miye nimezika batoto babili mu kambi. Uyu sitamuzika."

Numbi alikuwa ameanza kutembea. Alibebwa akiwa ananipungia mkono, kwa sababu alidhani anakwenda sokoni. Sikuweza kusimama kumpinga, na hata leo sijui kama ningempinga. Muuguzi alikuwa amempima mtoto na kumpa dawa ya kumkinga. Bibi yake alimpa mpaka ikaisha, hilo nalisema kwa haki yake.

Mwadi alibaki. Alinigeuza, alinifuta, alitupa mikojo yangu. Plasta ilianza kunuka jasho la zamani na ngozi iliyokufa, harufu tamu ya kuchefua, na haikuwezekana kuiosha. Siku moja mchana, anapika sombe, majani ya muhogo, nilimwita mara ya tatu anigeuze. Alikuja akasimama pale na mwiko mkononi.

"Nimechoka kunusa weye," alisema.

Hakusema kwa hasira. Alinigeuza, akarudi jikoni. Juma lililofuata alipanda lori kwenda Mulongo kununua samaki wa kukaushwa, kama wanawake wengine wanavyofanya, akasema atarudi na mzigo wa kuuza. Safari ya kwanza alirudi. Alipokwenda tena hakurudi kwa muda mrefu.

Baba ndiye aliyebaki kunifuta. Mikono yake ilikuwa imezoea breki za mabehewa, kwa hiyo alinifuta kwa nguvu, midomo ameibana, akiimba nyimbo za kanisa puani. Ndugu wa ukoo walikuja kumwambia atafute ni nani aliyeniroga. Aliwasikiliza na kuwapa chai. Walipoondoka alinipa vidonge.

Kipwa kikaingia, miezi yetu mikavu ya baridi na vumbi, na Nyuki wakapanda ligi kuu. Walikuwa wamepoteza Likasi lakini hawakupoteza tena. Niliisikia habari hiyo kwa honi. Pikipiki za mji mzima zilitoka, na lori la timu likapita mitaa yote mpaka likafika kwetu. Mimi nilikuwa nje kwenye mkeka, nimeegemea ukuta, plasta imevaa fulana. Lori lilipunguza mwendo kwa sababu ya mashimo. Wote walikuwa juu, shingoni wana vitenge, na bendi ya matarumbeta ya kanisa letu ilikuwa nao. Kasongo alisimama mbele na kitambaa cha kapiteni mkononi. Aliniona. Nilijua ameniona kwa sababu kinywa chake kiliacha kuimba. Niliinua mkono. Aligeukia upande mwingine wa barabara na kuwapungia watu wa kule, ingawa kule hapakuwa na watu wengi.

Vumbi la lori likatuingia machoni. "Twende mu nyumba, mwana," baba alisema, na kunivuta kwa mkeka.

Siku chache baadaye nilikwenda kuchukua dawa na godoro la Ajida lilikuwa juani nje, limekunjwa. Hakuna wa kwao aliyekuja kumzika. Nilimwuliza muuguzi kama Ajida alikuwa amesikia kwamba Nyuki wamepanda. Alisema Ajida alisikia, na kwamba aliuliza kama mimi nilikuwa kwenye lori. "Nilimuambia ndiyo," alisema muuguzi. Nilimshukuru.

Plasta walinikata kwa msumeno mdogo mwishoni mwa kipwa. Nilitarajia kujiona mimi. Ndani alitoka mtu mwingine, mweupe wa magamba, mbavu kama kapu, anayetetemeka kwa upepo wa dirishani. Miguu ilikuwa imerudi. Niliivuta hatua kwa hatua nimeshika vitanda. Lakini pale mifupa ilipoliwa, mgongo ulikuwa umepinda na kutoa nundu kubwa ya ngumi mbili. Nilipungua kimo. Mwadi aliporudi kutoka Mulongo, bila kuitwa na mtu, tulisimama mlangoni na macho yetu yakawa sawa. Zamani alikuwa ananifikia kidevuni.

"Niliona kama nitakufa nikibaki," alisema. "Sasa nimerudi. Ukitaka kunifukuza, unifukuze leo."

Nilimwambia aweke mzigo chini. Tunaishi pamoja. Hatuzungumzii Mulongo.

Dawa ziliendelea bado, na mvua zikarudi, na ligi kuu ikaanza. Nyuki walikuwa wanapigwa kila mahali. Asubuhi moja Kocha Kayembe alikuja kwa pikipiki na jezi mpya, safi, namba yangu mgongoni. Hakuwa amekanyaga nyumbani kwetu tangu Likasi. Alisema klabu imenikumbuka, kwamba nakaribishwa kwenye mechi ya nyumbani, chumbani pamoja na wachezaji, nizungumze nao kama kapiteni wa zamani. Nililia mbele yake. Mwadi alipiga pasi suruali yangu ya kanisani, na jezi ilinikaa vibaya kwa sababu ya nundu, akaitengeneza kwa pini.

Chumba kilinuka dawa ya misuli, na nilifurahi kunusa. Prezida alinishika mkono. Nilikuwa nimeandaa maneno, nikafungua kinywa, lakini wachezaji walikuwa wamekwisha kupanga mstari. Wa kwanza alinipita na kunipiga mgongoni kwa kiganja. Nilidhani ni salamu. Wa pili vilevile. Wa tatu alikuwa kipa mgeni, hakuwa ananijua, na aliuliza aliye mbele yake, "Ni pale?"

"Gusa pale katikati," mwenzake akamjibu. "Njo bahati iko pale."

Nilimwona mganga amesimama mlangoni, yuleyule wa wembe. Zamu iliyofuata ilikuwa ya Kasongo. Alikuwa na kitambaa cha kapiteni, alitazama chini, akanyoosha mkono, akagusa nundu yangu kwa vidole viwili, haraka, kama mtu anayegusa sufuria kuona kama ina moto.

Nilianza kutoka. Kayembe alinifuata mpaka kwenye kona ya uwanja.

"Haiko kwa mubaya, kapiteni. Batoto banaamini. Itakuomba nini, kukaa tu pale?"

"Kocha," nilimwambia, "ni weye ulinishikia jezi juu wakati banachoma."

"Ulikubali."

"Nilikubali," nilisema, kwa sababu ni kweli. Nikavua jezi pale pale mbele ya watu walioanza kujaa, nikampa. Nilitembea kwenda nyumbani kifua wazi, nundu nje, katika mtaa mzima. Watoto walinifuata. Nyuki walipigwa mabao matano siku ile, na kuna waliosema ni kwa sababu niliondoka na bahati. Wengine walikuja mpaka dirishani kwetu kunitukana.

Nilimaliza dawa. Daktari alipiga picha ya mwisho na kusema mifupa imeshikana, ugonjwa umetoka. Nilikwenda Base kumchukua Numbi. Alijificha nyuma ya bibi yake na kulia kwa kuona mgongo wangu, na mama mkwe hakufurahia hilo, nilimwona. Alinikalisha, akanipa chakula katika sahani yake mwenyewe. Ilibidi nirudi mara nyingi kabla mtoto hajakubali kuja nami.

Mwisho wa msimu Nyuki walishuka tena daraja la pili. Kipwa hicho, mchana wa jua kali ambapo watu wako ndani, mtu alipita nyuma ya nyumba yetu na kubisha mlango wa jikoni. Alikuwa Kasongo. Alikuwa amekonda. Hakukaa.

"Weye ilianzaka namna gani?" aliuliza.

Nilimwambia ainame aokote jiwe. Hakuinama. Alishuka wima, kama vile mwili unavyojifunza wenyewe.

"Banakuchoma sindano?"

"Ya pili ilikuwa juzi."

Ningeweza kumwambia mambo mengi, na nilikuwa nimeyapanga kwa mwaka mzima. Nilivaa viatu. Tulikwenda benchi lile lile, yeye anaficha uso kwa kofia, simu yake inalia, jina la Prezida kwenye kioo. Picha ilionyesha mfupa mmoja umeanza kuliwa pembeni, mmoja tu, bado umesimama. Daktari alisema amewahi. Plasta hakuhitaji, dawa tu, na kutocheza mpaka zitakapoisha.

Kwake hiyo haikuwa habari njema. Alitoka nje ya hospitali akanigeukia, na watu wa benchi wote wakasikia.

"Njo weye ulinipatia hii. Tulilalaka godoro moja. Umeniharibia."

Nimefikiri sana kuhusu hilo. Hakuna anayejua ni nani alimpa nani, au kama sote tulipewa na mtu mmoja katika mojawapo ya madarasa yale tuliyolala wote, madirisha yamefungwa kwa sababu ya madebe.

"Pengine," nilimwambia. "Meza dawa."

Wiki za mwanzo alimeza. Kisha homa ikaisha, nguvu zikarudi, na muuguzi akaniambia haonekani. Hapo ndipo wengi wanapokufa, wewe unayesoma, siyo kwenye maumivu. Ni pale unapojisikia vizuri. Nikaanza kwenda kwao kila asubuhi na vidonge ambavyo muuguzi alinikabidhi. Mama yake aliniita mchawi, muloji, mbele ya majirani, akasema nimekuja kumaliza nilichoanza. Siku moja alinimwagia maji ya kuoshea vyombo. Nilikaa kwenye kizingiti na nguo zimelowa mpaka Kasongo alipotoka, akachukua vidonge bila kunitazama, akameza, akafungua kinywa nione kama anavyofanya mtoto, akarudi ndani. Tulifanya hivyo mvua zote. Hatukusalimiana.

Alipona. Nyuki walimrudisha msimu huu, kapiteni tena, daraja la pili, lilelile la malori na vumbi. Sokoni akiniona anavuka barabara. Mwadi anasema hana shukrani, na labda hana.

Siingii uwanjani, lakini ukuta wa nyuma una sehemu iliyobomoka, na Jumapili nasimama hapo na baba. Juma lililopita ulikuja mpira mrefu, na Kasongo akaruka kati ya watu wawili, akaupiga kichwa mbali, akatua kwa miguu yake yote miwili na kuanza kuwapigia wenzake kelele wapande. Mgongo wake umenyooka.